Vumbi Kavu Halipanguswi

Anayetoka mjini kwenda Kawangware jioni huelekea magharibi. Ikifika saa kumi na mbili, jua limeinama upande wa Ngong na miale yake inampiga dereva usoni. Kioo cha mbele kilichoonekana safi saa sita mchana sasa ni pazia jeupe. Nyuma ya pazia hilo yuko mtoto aliyetumwa maziwa, yuko mama anayerudi kutoka sokoni na mzigo mgongoni, uko mkokoteni wa mitungi unaovuka Naivasha Road bila taa. Kibera ni vivyo hivyo: pale Olympic au Makina watu na magari hugawana barabara, na saa ya watu wengi zaidi ndiyo saa ya jua baya zaidi. Kwa sababu hiyo kazi ya kusafisha kioo siihesabu kuwa ya urembo.

Nilianza kuosha magari Kawangware nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alfajiri, kabla matatu za njia namba 46 hazijaanza kupakia. Kosa langu kubwa la mwanzo nalikumbuka mpaka leo. Mzee mmoja alileta gari lililojaa vumbi, akiwa na haraka, nami nikachukua kitambaa kikavu nikapangusa kioo chote kwa nguvu za ujana. Kikang'aa. Jioni yake mzee akarudi, akaniambia niketi kwenye kiti chake na kulitazama jua. Kioo kizima kilikuwa na mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui, mbele ya macho yake. Hakunigombeza, alinionyesha tu. Mkwaruzo wa namna hiyo haufutiki kwa sabuni wala kwa maombi.

Kioo ni kigumu, lakini mchanga ni mgumu zaidi. Katika kipimo cha Mohs, ambacho hupima ugumu wa madini, kioo cha gari kiko karibu na 5.5 hadi 6, na chembe za kwatzi zilizomo mchangani ni 7. Kawangware kila mtaa una jengo linalopanda ghorofa, na malori yanashusha mchanga wa Machakos mchana na usiku. Chembe hizo hupeperuka, hutua kwenye kioo, halafu tunakuja na kitambaa kikavu kuzisugua. Au tunawasha waipa kwenye kioo kikavu ili tuondoe vumbi, jambo ambalo ni baya kuliko kitambaa, kwa sababu mpira wa waipa hupita palepale kila mara.

Basi anza na maji. Wengi wetu Kibera na Kawangware tunanunua maji kwa mtungi, kwa hiyo nitahesabu kwa mtungi: lita 20 zinatosha kioo cha mbele na zinabaki. Egesha gari kivulini, usubiri kioo kipoe. Kioo kilichochomwa na jua kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka, hasa kama tayari kina alama ya jiwe. Inua mikono ya waipa na utandike kitambaa kinene chini yake, maana mkono mmoja ukiponyoka na kurudi kwa kishindo unaweza kukipasua. Kisha chukua kopo umwage maji polepole kuanzia juu, yateremke yenyewe, bila kugusa kioo. Tumia lita saba au nane kwa hatua hii pekee. Usione ni nyingi, hapa ndipo mikwaruzo inapozuiwa. Usiisahau ile mifereji ya chini ambapo waipa hulala: huko hujaa mchanga na majani, na wakati wa mijakaranda kuchanua, kati ya Septemba na Novemba, hujaa maua yaliyooza.

Baada ya hapo ndipo sabuni. Ile sabuni ya maji inayotengenezwa na vikundi vya mtaani na kuuzwa kwa lita inafaa kabisa, ila ujue kwamba mara nyingi huongezewa chumvi ili iwe nzito. Ukiitia nyingi, chumvi hiyo hukauka na kuacha michirizi. Matone machache kwenye lita tano za maji yanatosha. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ulioutoa usirudi kiooni. Vitambaa usihangaike kununua vya duka. Soko la Toi, pembeni mwa Kibera, lina mashuka ya flana na nepi za pamba za mtumba zinazofyonza maji vizuri mno. Kata zipu, vifungo na pindo nene, uzifue kwa sabuni ya kawaida bila ile dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huacha mafuta.

Sasa kioo kinaonekana safi, lakini bado. Tia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki upapase kioo kilicho na maji. Plastiki huzidisha hisia za vidole, utasikia vijipele ambavyo macho hayavioni. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki mwezi Agosti 2017, mimi hutumia mfuko wa mkate. Vijipele hivyo ni utomvu wa miti, wadudu, matone ya lami na rangi. Vilivyo laini hulainika ukivifunika kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kwa dakika kumi. Vilivyokaidi viondoe kwa wembe mpya, kioo kikiwa na sabuni, wembe ukilazwa na kusukumwa kuelekea upande mmoja tu. Ukiurudisha nyuma unaburuta uchafu chini yake. Wembe huo usiguse kamwe kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za joto, wala kioo kilichobandikwa karatasi ya giza. Na waya wa kusugulia sufuria wa dukani ni mkali mno kwa kazi hii. Ule laini unaofaa kwa kioo huuzwa na wauza vifaa vya mafundi, ukiwa na alama ya sufuri nne.

Madoa meupe ya mviringo ni habari nyingine. Hayo huachwa na maji yaliyokauka, na maji ya visima virefu vya Nairobi, yenye madini mengi, huyaacha zaidi kuliko maji ya bomba kutoka bwawa la Ndakaini. Changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika kumi, kisha suuza vizuri. Doa likibaki baada ya kurudia mara mbili, limeshaila ngozi ya kioo. Hapo panahitaji unga wa seriamu oksaidi na mkono wa fundi aliyezoea, kwa sababu ukisugua mahali pamoja kupita kiasi unatengeneza bonde, na barabara itapinda machoni pa dereva. Mimi hushauri doa dogo lililo pembeni liachwe.

Kinachobaki ni mafuta: moshi wa dizeli, nta za kung'arishia bodi, mvuke wa lami. Mwaga maji kidogo uangalie. Kioo kisicho na mafuta maji hutandaa juu yake kama shuka, chenye mafuta maji hukatikakatika. Usitumie mafuta ya taa, hayo yanaongeza utando mwingine. Petroli inaharibu mpira na inaweza kuwaka mikononi mwako. Tumia spiriti, lakini soma chupa kwanza. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingine hutiwa mafuta ya mbarika kwa ajili ya ngozi, na mafuta hayo yatabaki kiooni. Muulize mwenye duka la dawa alkoholi ya isopropili tupu.

Upande wa ndani ndio unaosahaulika, na kwa maoni yangu ndio unaopofusha zaidi. Dashibodi ya plastiki ikipigwa na jua hutoa mvuke wa mafuta, na ukiipaka ile dawa ya kuing'arisha unazidisha. Mvuke hupanda na kuganda kwenye kioo. Ongeza pumzi za abiria kumi na wanne wa matatu, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mvua, na unyevu unapata mahali pa kushika. Ndani usimwage maji. Lowesha kitambaa kwa spiriti kidogo, fungua milango, upanguse, kisha ukaushe kwa kitambaa kingine. Ndani pangusa kwa kwenda juu na chini, nje kwa kwenda kushoto na kulia. Ukiona mchirizi utajua mara moja uko upande gani.

Kioo kikishakuwa kitupu kabisa ndipo kipakwe kinga. Dawa za kuzuia maji kushika zipo tangu miaka ya sabini, Rain-X ndiyo inayojulikana zaidi, na hupatikana katika maduka ya vipuri. Paka kwa mzunguko sehemu ndogo ndogo, acha ipauke, pangusa, kisha rudia mara ya pili. Ukiipaka juu ya mafuta unafungia uchafu, na waipa zitaruka na kupiga kelele.

Waipa zenyewe zipanguse kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kiache kutoka cheusi. Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari, na jua la huku juu hukausha mpira mapema. Mpira uliopasuka au kuwa mgumu ubadilishwe mwezi Februari, kabla ya mvua za masika, usingoje siku mvua inapokukuta kwenye mteremko.

Na kama jiwe limeacha alama ndogo kiooni, ibandike utepe mwangavu leo hii, maji na vumbi visiingie, umwone fundi wa kujaza gundi wiki hiyo hiyo. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyoshikwa na plastiki katikati, ufundi uliotokana na Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyeona mwaka 1903 chupa yake ya maabara ikianguka, ikapasuka, lakini isisambaratike. Plastiki hiyo ndiyo inayompa fundi nafasi ya kuokoa kioo, mradi ufa haujaanza kutembea.

Ukimaliza yote, usimlipe kijana aliyekuoshea wala usijisifu kwa kazi yako papo hapo. Ngoja saa kumi na mbili, geuza gari lielekee Ngong, keti kwenye kiti cha dereva, utazame.