Wenyeji Wawafundisha Wageni

Katika nchi ya Australia, kusini mwa mji wa Sydney, iko hifadhi ya taifa pwani ya bahari. Inaitwa Booderee. Kwa lugha ya wenyeji, maana yake ni ghuba yenye samaki tele.

Wenyeji hao ni Waaborijini wa Wreck Bay. Ardhi yao ilikuwa mikononi mwa Serikali kwa miaka mingi. Mwaka 1995 walirudishiwa. Sasa wao wanaikodisha kwa Serikali, na ndio walio wengi katika bodi ya hifadhi.

Huko miezi ya joto ni Desemba hadi Februari. Watoto huwa likizo, na wageni hufika kwa wingi. Wenyeji huwatembeza. Huwaonyesha majani marefu ya kusukia vikapu. Yapo na majani mengine: ukiyafikicha kwa maji, hutoa povu kama sabuni! Ufukweni yapo malundo ya makombe ya kale, mahali wazee wao walipokula. Mgeni akiwa peke yake hudhani ni takataka, akakanyaga na kupita.

Maswali
1. Ardhi ilirudishwa mwaka gani?
2. Kwa nini mgeni hukanyaga makombe?
3. Kijijini kwako, nani anayajua majani ya kusukia?