Ukiomba Colgate Ukapewa Nyingine

Aingiapo mtu katika duka la Liuli, mchanga wa ziwa ungali umemganda miguuni, akasema, "Shikamoo mama, naomba Colgate," naye muuzaji akamjibu, "Marahaba, ya Whitedent?", hapana kati yao aliyevunja sheria wala aliyemhadaa mwenziwe, kwani jina lile, ijapokuwa ni milki ya kampuni ya Marekani, kwetu limekwisha kuwa jina la kila dawa ya meno, kama sheli ilivyokuwa jina la kila kituo cha mafuta, na bajaji la kila chombo cha magurudumu matatu, hata tukasema bila ya kucheka "bajaji ya TVS", ilhali Bajaj na TVS ni kampuni mbili za Kihindi zishindanazo sokoni.

Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 humpa mwenye alama iliyosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, haki ya pekee ya kuitumia katika biashara. Mdomo wa mnunuzi haikuufunga. Ubaya huanza pale muuzaji anapolibandika jina hilo juu ya bidhaa isiyo ya mwenye alama, au anapokutoza bei ya ile uliyoitaja akakufungia nyingine kimya kimya, hadaa ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeikataza.

Katika dawa hadhari na izidi. Panadol ni jina la biashara, dawa yenyewe ni parasetamoli. Na katika duka la dawa muhimu, mpango uliojaribiwa kwanza katika mkoa wetu huu wa Ruvuma mwaka 2003, si hila kupewa parasetamoli ya kiwanda kingine, aghalabu kwa bei nafuu, maadamu umeelezwa. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa, usije ukameza vidonge vya majina mawili ukidhani ni dawa mbili, kumbe ni moja uliyoizidisha.

Linaloponza zaidi, kwa maoni yangu, ni mkataba. Lau umelipa fedha Songea kwa hati isemayo "bajaji moja mpya" na si zaidi, ukaletewa ya kiwanda usichokitaka, utamshitaki muuzaji kwa neno gani? Kabla ya kutia saini, andikisha jina la kiwanda, namba ya chasisi na namba ya injini, kisha udai risiti. Na ukihadaiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na risiti hiyo na kifungashio chenyewe. Tafadhali usikiwashie moto.