Je, Uongo Huonekana Usoni?

Mwaka 2011 ulitolewa mchezo wa kompyuta uitwao L.A. Noire, uliotengenezwa na kampuni ya Team Bondi ya Sydney, Australia. Mchezaji humwongoza askari mpelelezi, Cole Phelps, katika mji wa Los Angeles wa mwaka 1947. Aweza kuendesha gari kokote mjini apendako, lakini kazi yake hasa ni kuwahoji watu na kuzitazama nyuso zao. Waigizaji walinaswa kwa kamera 32 zilizowazunguka, hata mikunjo midogo ya paji la uso ikahifadhiwa. Baada ya kila jibu mchezaji huamua: ni kweli, latia shaka, au ni uongo.

Kijana wa Ngamiani au Chumbageni aliyeuzoea mchezo huu aweza kuamini kwamba mwongo hujulikana kwa macho yake. Lakini aliyebabaisha macho ni mwigizaji, naye alikusudia atambuliwe. Mwongo halisi hana haja ya kutusaidia. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi wakakuta kwamba watu hupambanua kweli na uongo kwa wastani wa mara 54 katika 100. Kwa kurusha sarafu wangepata 50!

Jambo hili si la mchezo tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humruhusu hakimu kuandika jinsi shahidi alivyoonekana alipokuwa akitoa ushahidi. Na mtu mkweli asiyepata kusimama mahakamani, je, hatatetemeka?

Darasa laweza kulipima jambo hili. Msimulizi arushe sarafu kwa siri. Ikilala upande wa kichwa, aeleze safari ya kweli, kama ya Mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni. Ikilala upande wa pili, atunge safari ya mahali asipopata kufika. Wasikilizaji waandike K au U bila kushauriana. Masimulizi yawe 20.

Mwenye kubahatisha tu ana uwezekano wa karibu 0.058 wa kupata 14 au zaidi. Basi katika wasikilizaji 40 tutegemee wawili hivi wa namna hiyo, nao bila shaka watajiona wapelelezi hodari. Wapewe masimulizi mengine 20: aliyebahatisha huelekea kurudi karibu na 10.

Kwa haki, mchezo wenyewe una kanuni moja nzuri: anayechagua “uongo” hudaiwa ushahidi kutoka daftarini mwake. Kwa hiyo katika duru ya tatu wasikilizaji waruhusiwe kuuliza maswali yanayoweza kuhakikishwa: ulikwenda siku gani, ulifuatana na nani, nauli ilikuwa kiasi gani? Wanaotajwa waulizwe faraghani kabla ya kura kupigwa, kisha alama za duru zote tatu ziandikwe ubaoni.