Kabla Hujanunua Bunduki ya Kulinda Nyumba Marekani

Ukihamia Texas, Ohio au Minnesota, haipiti muda mrefu kabla jirani au mfanyakazi mwenzako hajakuuliza kama una bunduki nyumbani. Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba raia ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Lakini kwa mhamiaji, swali la silaha ya aina gani huja mwisho. La kwanza ni hati zako.

Aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kununua bunduki na hata kuishika. Rafiki akikualika uwanja wa shabaha, katazo linakufuata hadi huko. Wapo wanaoruhusiwa, kama mwenye leseni halali ya uwindaji, ila usijiamulie mwenyewe. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua, lakini kosa moja la bunduki linaweza kumrudisha alikotoka hata kama amejenga maisha yote Marekani. Mkimbizi na mwombaji hifadhi wamwone wakili wa uhamiaji kabla ya kukanyaga dukani.

Dukani utajaza fomu namba 4473, na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa FBI wa kukagua kumbukumbu. Fomu inauliza kuhusu bangi, na ruhusa ya jimbo lako haikuokoi hapo. Aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, hata kama lilihesabiwa kosa dogo, amezuiwa na sheria tangu 1996. Kisha kuna swali linalowaponza wengi: je, mnunuzi halisi ni wewe? Sisi tumezoea kumbeba ndugu bila kuuliza sana. Lakini binamu yako akikupa fedha umnunulie bunduki kwa jina lako kwa kuwa hati zake hazijakaa sawa, hilo ni kosa la jinai, na tangu 2022 adhabu yake inafika kifungo cha miaka 15. Mkatalie, hata akinuna.

Majimbo nayo yana yake. Illinois inadai kadi maalumu ya mmiliki, California inakusubirisha siku 10, na New York humiliki bastola bila leseni. Uliza ya kwako.

Ukishavuka hapo, tazama kuta kabla ya kutazama bunduki. Nyumba nyingi za Marekani zimegawanywa vyumba kwa bodi za jasi, nyembamba kama nusu inchi kila upande, wala si matofali tuliyoyazoea. Risasi ya bastola ya milimita 9 hupenya kuta kadhaa za namna hiyo ikiwa bado na nguvu ya kuua, na marisau makubwa ya shotigani hupenya pia. Simama mlangoni pa chumba chako cha kulala, nyoosha mkono kuelekea mlango mkubwa, ujiulize nani analala upande ule. Kama unaishi kwenye ghorofa la kupanga, mhesabu na mtoto wa jirani.

Shotigani ya geji 12 ina nguvu sana kwa karibu, lakini teke lake humshinda mtu mwepesi, na urefu wake unasumbua kwenye korido. Geji 20 ni pole zaidi. Usijaribu kuukata mtutu: ukiwa chini ya inchi 18, umeingia kwenye sheria kali ya 1934. Bastola huingia kwenye kasha dogo na hukuachia mkono mmoja wa kupiga 911 au kumshika mtoto, ila ndiyo ngumu kuliko zote kulenga, hasa mkono unapotetemeka. Bunduki ndefu kama AR-15 hulengeka kwa urahisi, lakini mlio wake ndani ya chumba unaweza kuharibu masikio. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha silaha. Kama sheria inakuruhusu, chukua darasa na ujaribu aina mbili tatu kabla ya kulipa. Asiye na nafasi ya kufanya mazoezi mara kwa mara, kwa maoni yangu, asinunue kabisa.

Na kabla ya yote hayo, fungua skrubu moja ya bati linalopokea komeo la mlango wako. Mara nyingi utakuta ni fupi, imeshika ubao wa fremu tu, ndiyo maana mlango hung'oka kwa teke. Weka skrubu za inchi 3 zinazofika kwenye nguzo ya ukuta. Ni dola chache.

Duka lenye leseni linalazimika kukupa kufuli pamoja na bastola, ila hilo ni la kuanzia tu. Nunua kasha la chuma na uligongomee mahali. Juu ya kabati na chini ya godoro si maficho, watoto wanajua kila kona ya nyumba. Texas, mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki iliyojazwa risasi uliyoiacha bila kuifungia, unaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai.

Jambo ambalo muuzaji hatalitaja ni hili: zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Anayejaribu kwa vidonge mara nyingi huokolewa. Anayejaribu kwa bunduki hufa karibu kila mara. Maisha ya ugenini yana upweke, madeni na ndoa zinazovunjika, nasi hatujazoea kuyasema. Kama yeyote nyumbani, kijana au mzee, amezama kwenye huzuni, usiilete bunduki, na kama ipo, liulize duka au polisi wa eneo lako jinsi ya kuihifadhi nje ya nyumba leo hii. Kisha pigeni 988, simu ya msaada iliyo wazi saa 24, na muombe mkalimani.