Ipe Lami Mgongo: Jinsi ya Kutembea Taratibu Katika Miji ya Dhahabu

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Mwanza kwenda Geita imepoteza kituo chake cha lazima. Kivuko kilikuwa kinamsimamisha kila msafiri, atake asitake. Alishuka, akanunua samaki wa kukaanga, akasikia bei ya mchele ya wiki hiyo, akavuka huku akijua kwamba anaingia upande mwingine. Sasa kilomita tatu za daraja zinapitwa kwa dakika chache na basi linaendelea na safari. Kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando, Mwanza, hilo ni jambo jema, wala sitamani kivuko kirudi. Ila limeongeza watu wanaodai kuzifahamu Geita, Katoro na Kahama kwa sababu tu wamezipita. Mimi nashikilia kwamba miji hii haionekani ukiwa kwenye barabara kuu, hata ukitembea kwa miguu. Inaanza kuonekana pale unapoipa lami mgongo na kwenda polepole kuelekea nyuma yake.

Sababu iko katika umbo la miji yenyewe. Kwa kulinganisha, mji mdogo wa Hispania una uwanja katikati, kanisa upande mmoja na ofisi ya baraza la mji upande mwingine, na vichochoro vyake humrudisha mtu palepale. Jioni wakazi hutoka wamevaa vizuri wakazunguka, hawaendi popote, na hakuna anayewashangaa. Anayetaka kuujua mji wa namna hiyo anaambiwa aende katikati, basi. Miji yetu haikuzaliwa hivyo. Shinyanga ya leo ilikua kwa kuifuata reli ya Tabora–Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, na Old Shinyanga ikabaki kando. Geita ilikuwa na mgodi wa chini ya ardhi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ikasinzia zaidi ya miaka thelathini, ikaamshwa na mgodi wa GGM ulioanza kuzalisha mwaka 2000, kisha mwaka 2012 ikawa makao makuu ya mkoa mpya. Katoro imejijenga yenyewe kandokando ya barabara. Katikati ya miji kama hii ni lami, na vilivyopangwa kando ya lami vimepangwa kwa ajili ya mpita njia: sheli, benki, nyumba za wageni, wakala wa simu, chipsi mayai. Ndiyo maana mtu aliyepita Kahama na aliyepita Katoro watakusimulia mji uleule, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia ni kutembea kwa kuikata barabara. Unachagua mtaa wowote unaoingia ndani, unaufuata mpaka nyumba zianze kupisha mashamba au vichaka, halafu unarudi kwa mtaa mwingine. Saa nzuri ni kuanzia saa kumi alasiri. Ukanda huu uko magharibi, jua lake huzama takriban nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, hivyo mwanga unakutosha mpaka karibu saa moja. Asubuhi mapema nayo inafaa, hasa siku ya mnada. Saa sita mchana usijaribu. Huo ni ukaidi.

Chukua Geita. Kila mgeni anataka kuiona dhahabu, na kwenye lami haoni kitu. Zipo sababu za kisera. Januari 2019 Rais Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo jijini Dar es Salaam. Baada ya hapo walifutiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwaka huohuo masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza. Biashara iliyokuwa ikifanyika vyumbani na mifukoni ikahamia ndani ya ukuta, kwenye mzani wa serikali, palipotozwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Anayeitafuta dhahabu kwa macho barabarani, basi, anaitafuta pasipo. Lakini kile ambacho dhahabu inakinunua, na kile kinachohitajika ili ipatikane, havijafichwa. Viko mtaa wa pili na wa tatu kutoka barabarani.

Simama mbele ya duka la vifaa vya machimboni na usiwe na haraka. Kuna mabuti ya mpira yaliyofungwa jozi jozi na kuning'inizwa mlangoni, tochi za kichwani, kamba za manila zilizoviringishwa kwa unene tofauti, karai, sururu, pampu za maji na mipira yake. Pembeni kuna vyuma vya mviringo vinavyouzwa kwa kilo, vingine vikubwa kama ngumi. Hivyo ni vya karasha. Huingizwa ndani ya pipa la chuma linalozungushwa na injini, vikagongana na mawe mpaka mawe yakawa unga. Unga ukapelekwa mwaloni kuoshwa. Vyuma vyenyewe huliwa kidogo kidogo, ndiyo maana havikosi mnunuzi. Ukielewa kwa nini duka moja linaweza kuishi kwa kuuza chuma kinachosagika, umeelewa jinsi pesa inavyozunguka Geita kuliko ungeelewa kwa kusoma kibao cha mgodi. Duara (shimo la mchimbaji mdogo) lisilotoa kitu nalo linanunua kamba, miti ya matimba ya kushikilia kuta, dizeli na chakula. Mwenye duara anaweza kufilisika na muuza kamba akajenga. Na neno magwangala, mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa ambayo kwa miaka mingi yamekuwa hoja kati ya wananchi, mgodi na serikali, utalisikia hukuhuku kwenye mabenchi ya kahawa, likitajwa na watu wanaojua uzito wake begani.

Kahama inathibitisha hoja yangu kwa njia nyingine. Mgodi wa Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Mtu aliyeujua mji kwa mabango ya barabarani angetabiri kwamba Kahama itanyauka. Haikunyauka; mwaka huohuo wa 2021 ilipandishwa kuwa manispaa. Ni kweli kwamba mgodi wa Bulyanhulu bado unachimba, lakini ukiacha lami utaona sababu nyingine: mashine za kukoboa mpunga. Mpunga umeanikwa kwenye maturubai, kijana anaugeuza kwa miguu mitupu akichora mistari, pumba zimerundikana nyuma ya jengo, na lori linapakiwa magunia ya mchele. Kuna sauti mbili za kutofautisha. Karasha inagonga, mashine ya kukoboa inavuma. Ukihesabu ipi unaisikia mara nyingi zaidi katika mitaa ya ndani, utakuwa na wazo lako mwenyewe kuhusu kinacholilisha eneo hili. Kwa maoni yangu Kahama ni mji wa mchele uliopitiwa na dhahabu.

Kuhusu Shinyanga mjini nitasema machache, kwa kuwa ndio mji rahisi zaidi kutembea: tambarare, na baiskeli bado zina heshima yake. Anzia kituo cha reli, upite maduka ya zamani yenye baraza, uelekee kata za Ngokolo au Kitangili. Angalia miti. Mkoa huu uliitwa jangwa kwa jinsi ulivyokatwa miti, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 na kurudisha ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa ili yapumzike. Angalia na mabomba. Maji ya Ziwa Victoria yanayotoka Ihelele yalifika Shinyanga na Kahama mwaka 2009, na ukichungulia nyua za nyumba za miaka tofauti utaona ni ipi ilijengwa na mtu aliyewaza kisima na ipi ilijengwa na mtu aliyewaza dira ya maji.

Najua kuna atakayesema huu ni utalii wa kulazimisha, kwamba hakuna cha kuangalia. Anayesema hivyo anapima mji kwa majengo ya zamani, na kwa kipimo hicho ni kweli tunashindwa na kijiji chochote cha Andalusia, Hispania. Lakini sehemu kubwa ya kinachompendeza mgeni kule ni kazi ya watu iliyokaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Hapa kazi ya watu inahama, inabomoka na kujengwa upya mbele ya macho yako. Tena jiwe la kihistoria halikujibu ukiliuliza bei. Muuza vyuma vya karasha atakujibu.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwetu, mtu mzima anayetembea bila shughuli ni mzururaji. Si dhana ya mtaani tu. Mwaka 1983 nchi ilitunga sheria ya Nguvu Kazi, na watu wakasombwa mitaani kwa kosa la kuonekana hawana kazi. Isitoshe, sungusungu walianzia katika ukanda huuhuu, Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa mifugo ulipokithiri. Jamii iliyojilinda yenyewe kiasi hicho ina haki ya kumuuliza mgeni anatafuta nini. Mimi sioni kama hiki ni kikwazo, nakiona kama sharti, na sharti hilo linatimizika kwa urahisi: kuwa na shughuli ndogo isiyo na haraka. Nenda kutafuta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nenda kushonewa kifungo cha shati. Ukiulizwa, una jibu la kweli, na fundi cherehani atakuelekeza kwa mwenzake, huyo kwa mwingine, mpaka njia yako ichorwe na wenyeji badala ya ramani ya simu. Na usalimie kwanza, kwa Kisukuma ukiweza. Asubuhi ni "mwangaluka", mchana ukishapinda ni "mwadila". Ukimwongezea mama mtu mzima "mayu" na mzee "baba", hata kama matamshi yako yamepinda, maswali ya baadaye yatakuwa ya kirafiki.

Wengine wanauliza, je, huku si kugeuza umaskini wa watu kuwa sinema? Inategemea mikono yako inafanya nini. Simu ikikaa mfukoni na pesa ikitoka, wewe ni mteja anayeongea. Simu ikitangulia, wewe ni mpelelezi, na penye mawe yenye dhahabu watu hawawapendi wapelelezi. Usiingie kwenye eneo la karasha au mwalo bila kukaribishwa na mwenye nalo. Usisimame karibu na mahali zebaki inayokamata dhahabu inapochomwa, hata ukikaribishwa. Moshi wake hauna harufu ya kukuonya. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unaitwa kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliumizwa na sumu hiyo kupitia samaki. Sisi samaki tunamtoa ziwani.

Pingamizi la mwisho sina jibu lake, nalikubali: mara nyingi hapana pa kutembea. Ili uipe lami mgongo lazima kwanza uivuke, na kando ya lami hakuna njia ya miguu, au ipo na imejaa bodaboda, meza za mitumba na mchanga wa fundi ujenzi. Malori hayakupishi. Vivuli vimekatwa kupisha vibanda. Wanaoumia zaidi si watembezi wa jioni kama mimi, ni wanafunzi na akina mama wanaotoka sokoni na mizigo kichwani. Sheria ya madini baada ya marekebisho ya mwaka 2017 inazitaka kampuni ziandae mpango wa kila mwaka wa kuwajibika kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, na halmashauri hizohizo hupokea ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ya migodi. Madarasa na zahanati ndizo husikika kwenye hotuba, na zinahitajika kweli. Lakini kilomita chache za njia ya miguu yenye miarobaini pande zote mbili hazishindikani kwa bajeti hiyo. Diwani wako akija kuomba kura, muulize njia ya miguu ya kata yako itaanzia wapi, na itafika lini nyuma ya lami.