Kujifunza Kudarizi kwa Masomo ya Intaneti

Kudarizi ni kuipamba nguo kwa sindano na uzi. Kazi hii ni ya zamani sana, na katika pwani yetu twaiona kila siku: kofia ya kiua ya Unguja, kofia ya vito ya Lamu, na kanzu iliyotiwa nakshi ya hariri shingoni. Zamani aliyetaka kuijua alikaa karibu na bibi au shangazi yake, akaitazama mikono yake, kisha akapewa kitambaa kikuukuu ajaribu. Siku hizi yuko mwalimu mwingine, naye ni video za intaneti. Mwalimu huyu hataki ada. Katika somo hili nitaeleza jinsi ya kumtumia, na jambo moja asiloliweza.

Mwalimu asiyetaka ada

Huko London kuna chuo kiitwacho Royal School of Needlework. Kilianzishwa mwaka 1872, kikaanza na wanawake 20 katika chumba kidogo juu ya duka la kofia. Makusudi yake yalikuwa mawili: kuufufua ufundi wa sindano uliokuwa ukipotea, na kuwapatia riziki wanawake waliosoma lakini hawakuwa na njia ya kujilisha. Mwaka 1953 mafundi wa chuo hicho ndio waliolidarizi kwa nyuzi za dhahabu joho la mahameli la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II.

Mwaka 2021 chuo hicho kilifungua katika intaneti hazina ya mishono, ambayo mtu yeyote aweza kuingia bila malipo. Kila mshono una maelezo yake, picha za hatua kwa hatua, na video. Basi ufundi ambao zamani ulitaka safari ya London, leo waweza kutazamwa Songea au Kigoma. Yako pia masomo mengine mengi yanayotolewa na watu binafsi. Mengi husemwa kwa lugha za kigeni, lakini njia ya sindano huonekana kwa macho.

Vyombo

Mwanafunzi hahitaji vitu vingi. Atafute sindano yenye tundu refu, mkasi mdogo, uzi wa kudarizi, na kitambaa cha pamba. Hata kipande cha shuka kuukuu chafaa. Akipata fremu ya mviringo ya kukaza kitambaa ni vizuri zaidi. Uzi wa kudarizi wa pamba kwa kawaida ni nyuzi sita nyembamba zilizolala pamoja. Atenge mbili au tatu tu, akate urefu wa sentimita 45 hivi. Uzi mrefu kupita hapo hujisokota, hufanya mafundo, na huchakaa kwa kupitishwa kitambaani mara nyingi.

Mshono wa mnyororo

Huu wafaa kuwa mshono wa kwanza. Piga mstari kwa penseli. Toa sindano juu mwanzoni mwa mstari. Ushike uzi kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, kisha irudishe sindano katika tundu lile lile ilikotokea, uitokeze mbele kidogo, kadiri ya nusu sentimita. Uzi upite chini ya ncha ya sindano. Vuta polepole, na hapo kitanzi cha kwanza kitalala. Kitanzi cha pili huanza ndani ya cha kwanza, na kuendelea. Ukifika mwisho, pitisha sindano nje ya kitanzi cha mwisho na kukifunga kwa mshono mfupi. Ukivuta kwa nguvu, kitanzi hujifunga kikawa mstari, na kitambaa hukunjamana.

Kutazama si kujua

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu hutazama video kumi, akaona kwamba kazi ni rahisi, akalala akidhani amejifunza. Video ina upungufu wake. Kwanza, huenda mbio: kazi ya saa nzima hukatwa ikawa ya dakika tano, na mara nyingi mahali fundi alipofumua hatuonyeshwi. Mwanafunzi akifumua mara tatu hudhani yeye peke yake ndiye mzito wa mikono, akaacha. Pili, mara nyingi huonyesha uso wa kitambaa tu. Tatu, na hili ndilo kubwa, haikioni kitambaa chako. Bibi akiona umeuvuta uzi mno atakwambia, "Legeza, mjukuu wangu." Video haisemi neno, hata ukiharibu kitambaa kizima.

Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kujikagua mwenyewe. Afanye hivi: achague mshono mmoja tu. Atazame mara ya kwanza bila kushika sindano. Mara ya pili aandike hatua katika daftari kwa maneno yake, na kuchora mahali sindano inapoingia na inapotoka. Kisha azime, ashone mistari mitano kwa kufuata daftari. Sisi tukaao bweni bila simu tusione kwamba tumenyimwa, maana saa moja ya chumba cha kompyuta humtosha juma zima yule anayeandika.

Akimaliza, akigeuze kitambaa. Nyuma ya mnyororo mzuri kuna mishono mifupi iliyonyooka, iliyofuatana na kulingana. Ikiwa mmoja ni mrefu na mwingine mfupi, hapo pana kosa, afumue. Mwenye kutumia mkono wa kushoto aweke kioo mbele ya picha, naye ataona njia inayomfaa. Mwisho, ampelekee kazi yake mtu ajuaye kushona, awe mama, jirani au fundi wa mtaani, apate jicho la pili.

Faida yake

Baada ya mtihani wa Kidato cha Nne wengi wetu tutakaa nyumbani tukingoja matokeo, na si kila mzazi ana ada ya chuo cha ushonaji. Mwenye mkono uliozoea aweza kuanza kwa vitambaa vya meza na foronya, kisha kazi kubwa zaidi. Lakini asitazamie faida ya haraka. Kofia ya kiua ina vitundu vingi vidogo, na kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mkono. Si kazi ya siku moja wala ya juma moja.

Nanyi wazazi, mkitaka kujua kama mtoto anajifunza au anacheza na simu, msimwulize ametazama video ngapi. Mwambieni alete kitambaa, kisha kigeuzeni mtazame nyuma. Wazee walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali.