SOMO: Batri ya koperative ni depo. Inapokea, inatoa, inabakiza



Somo hili ni la koperative zenye sola na batri ya pamoja, ao zenye kufikiri kuinunua. Mwisho wa somo kila kikundi kitaweza kuhesabu umeme ulio katika batri yake, kupanga nani apewe wa kwanza, na kukopesha umeme bila kuua batri.

1. Basi la shule linalokopesha umeme

Huko Marekani kuna mabasi ya shule yasiyokunywa mazutu. Yanatembea kwa batri kubwa. Basi la shule linapeleka watoto asubui na kuwarudisha mchana. Saa zingine limesimama tu, na likizo nzima limesimama. Watu wakajiuliza: batri kubwa hivi, kwa nini ilale bure?

Wakaweka mashini ya kushaji inayopitisha umeme pande mbili. Usiku watu wakilala, umeme unabaki mwingi, basi linapokea. Magaribi kila nyumba ikiwasha taa na kupika, basi linarudisha sehemu kwenye laini na kampuni ya umeme inalipa. Mji wa Beverly, katika jimbo la Massachusetts, ulifanya vile kwa basi moja wakati wa likizo ya 2021. Mwaka 2024 mji wa Oakland, California, ulipata mabasi 74 ya namna hiyo.

Karibu na kwetu, Nairobi, mabasi ya umeme ya abiria yalianza mwaka 2022. Hayo yanashaji zaidi usiku, kwani toka 2023 Kenya iliwekea magari ya umeme bei ya usiku iliyo nusu ya bei ya mchana.

Mushike jambo moja: basi halitoi yote. Kesho asubui watoto wanalingojea. Kubeba watoto ni kazi ya kwanza, kukopesha ni ya pili.

2. Batri nayo iko na mbegu

Hesabu hiyo tunaijua. Wakati wa mavuno bei inaanguka, tunaweka maharagi katika depo. Bei ikipanda, tunatoa. Lakini mbegu haiguswi. Mwenye kula mbegu amekula shamba la msimu ujao.

Batri ya risasi, ile nzito yenye asidi, isishuke chini ya nusu. Ukiikausha kila usiku mpaka taa zizime zenyewe, itakufa mapema sana. Batri ya litiamu inavumilia zaidi, lakini nayo ibakizwe sehemu moja kwa tano.

3. Tuhesabu pamoja

Musome namba zilizoandikwa juu ya batri. Tuseme ni volti 12 na amperi-saa 200. Zidisha: 12 × 200 = wati-saa 2400. Nusu ni mbegu. Tunabaki na 1200 za kutumia.

Kila usiku depo inaomba:
- taa 6 za wati 10, saa 4: 240
- telefone 20, kila moja wati-saa 10: 200
- redio ya wati 20, saa 5: 100

Jumla ni 540. Onduleri, kile chombo kinachogeuza umeme wa batri kuwa umeme wa nyumba, nacho kinakula kidogo. Tuweke 600.

Basi 1200 ni akiba ya siku mbili. Siku ya pili ni ya mvua, wakati paneli hazipati jua.

4. Kukopesha kwa akili

Tuseme vijana wanaomba kuangalia mpira: televizyo na dekoda, wati 150 kwa saa 3, ni 450. Wakipewa, siku ya mvua imeliwa. Kesho yake mawingu yanafunga, na usiku kituo cha afya kinaomba taa juu ya mama anayezaa. Mutamupa nini?

Kwa hiyo komite iandike mstari wa kufuata na kuubandika ukutani: kwanza kazi ya depo, pili kituo cha afya, tatu shule, mwisho mengine. Kila mkopo uandikwe katika daftari: nani, wati ngapi, saa ngapi. Mwenye kulipa alipe kwa mweka feza, na feza hiyo iwekwe kwa kununua batri nyingine siku hii itakapochoka.

5. Hatari

Usiunganishe onduleri na grupu kwenye waya moja kwa wakati moja. Onduleri inaweza kuungua, na fundi anayefikiri waya imekufa anaweza kupigwa na umeme. Fundi aweke swichi inayochagua: ao grupu, ao batri. Hata mashini za yale mabasi zinaacha kurudisha umeme laini ikikatika, juu ya kulinda mafundi walio kwenye nguzo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Batri yetu iko na wati-saa ngapi, na mbegu yake ni ngapi?
2. Nani yuko na ufunguo wa chumba cha batri, na nani anamwangalia?
3. Mvua ikinyesha siku tatu, tutazima nini kwanza?